Sumu Hakuna, Dawa Ipo

Swali la saba kwenye fomu yetu lilikuwa fupi: "Je, kuna sumu yoyote inayoingia mtoni kutokana na shughuli za wanakijiji?" Kwa siku nne nililiuliza nyumba kwa nyumba, na kwa siku nne niliandika jibu lilelile. Hapana. Hapana. Hapana. Ukurasa ulipojaa niliutazama nikauona kama ukuta uliopakwa chokaa jana, hauna hata ufa. Mimi ukuta wa namna hiyo huwa naugonga.

Tulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Madaba, mbali kabisa na lami ya kwenda Njombe, mahali ambapo mto Ruhuhu umekwisha kupita maporomoko yake na sasa unaelekea Ziwa Nyasa. Kijito kimoja kinaingia Ruhuhu hapo. Kazi yetu ilikuwa kupima hatari ya uchafuzi wa maji kwa mbasa. Huyu ni samaki mkubwa, wa rangi ya fedha, anayeishi ziwani lakini hazai huko. Mvua zikishakolea anaingia mtoni na kupanda, siku nyingi, mpaka apate mahali penye changarawe na maji yanayokimbia. Hapo anataga, halafu anarudi ziwani. Watoto wanabaki.

Nilikuwa na shahada ya mazingira, na miaka miwili ya kukaa Songea nikiokoteza vibarua: wiki mbili kuhesabu miti, mwezi mmoja kuingiza habari za vyoo kwenye kompyuta. Hii ya mbasa ilikuwa kazi ya kwanza iliyonifanya niamke kabla simu haijalia. Bosi wangu alikuwa mtaalamu wa samaki, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokaribia kukataa jambo.

Fomu hakuitunga yeye. Ilitungwa nchi ya mbali kwa ajili ya samaki wa mito ya baridi aitwaye samoni, ambaye naye huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kuzaa. Mtu fulani aliitafsiri, akaweka mbasa kila palipokuwa na samoni, isipokuwa swali la pili. Sikugundua mpaka nilipolisoma kwa sauti kwenye nyumba ya kwanza, mbele ya mvuvi mmoja aliyekuwa ameketi juani na kofia yake ya sufu, maana ilikuwa Juni na baridi ya huko si ya mchezo.

"Je, samoni huonekana hapa miezi gani?"

"Samoni?" mvuvi alisema. "Hapa hayupo. Kafanya nini huko mjini?"

"Hapana, baba mdogo, ni samaki."

"Ah! Mimi nikadhani mmekuja na askari."

Kuanzia siku hiyo, kila nilipopita kwake alinisalimia kwa kuuliza kama Samoni keshakamatwa.

Swali la tano nalo lilitutia aibu. Liliuliza mbasa hupenda maji ya namna gani, na wote, bila kupishana, walijibu: machafu. Bosi alisoma majibu akachangamka. Alisema hilo ni jambo jipya, kwamba samaki wa hapa anavumilia uchafuzi kuliko tulivyodhani, na akaliandika kwenye daftari lake. Nilinyamaza kama nusu saa, ambayo kwangu ni nyingi.

"Mzee," nikamwambia mwishowe, "kama anapenda uchafu, mbona hapandi kwenye mfereji wa nyuma ya soko letu pale Songea?"

Alifuta miwani. Tulirudi kwa mvuvi kumuuliza, akatushangaa. Maji machafu, alisema, ni maji ya mvua, ya kahawia, yale usiyoona chini yake. Mbasa hupanda nayo kwa sababu yamejaa na hayamwoneshi kwa ndege. Maji safi ni yale unayoona changarawe. Basi. Hakuna aliyekuwa akizungumzia uchafuzi. Bosi aliifuta sentensi yake, lakini akasema kuteleza kwa neno moja hakuharibu kazi nzima. Mimi nikabaki najiuliza tumeteleza kwenye maneno mangapi mengine.

Nilikuwa nimefikia kwa shemeji yake huyo mvuvi, mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye vinyungu. Vinyungu ni bustani za bondeni, kandokando ya maji, zinazolimwa mvua zikishaisha kwa sababu udongo wake unabaki na unyevu. Mahindi ya mlimani ni ya kula. Vinyungu ndivyo vinavyoleta chumvi, sabuni na madaftari ya shule. Mama yule alikuwa na matuta kumi na moja ya kabichi, nyanya na chainizi aliyoachiwa na mama mkwe wake. Akiyazungumzia, alikuwa anayataja moja moja kama watoto: lile la juu lina kiburi, lile la kati halinyimi, lile la kumi na moja, lililo karibu kabisa na maji, ndilo linalowahi kuliko yote.

Jioni ya siku ya nne nilitaka kusaidia. Nilishuka kuchuma chainizi ya kulia ugali.

"Wewe! Usichume huko!" alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa bustani. "Hilo nimelipiga dawa jana. Chuma huku."

"Dawa gani, mama?"

"Ya wadudu. Wanayatoboa majani. Nitauza matundu?"

Nilisimama na majani mkononi.

"Mama, juzi nilikuuliza kama kuna sumu inayoingia mtoni. Ukaniambia hakuna."

"Ndiyo, hakuna."

"Na hii?"

"Hii dawa."

"Lakini hutaki niile."

"Hiyo dawa ya kabichi, mwanangu. Wewe ni kabichi?"

Alicheka, nami nikacheka, ila kicheko changu kiliishia njiani. Kwetu kila kitu kina dawa: kikohozi, meno, viatu, mbu, magugu, viwavi. Dawa ni kitu cha mtu anayehangaikia mali yake. Sumu ni kile adui anachokutilia kwenye pombe. Na mtoni, sumu ni utupa, yale majani yanayopondwa na kumwagwa kwenye maji ili samaki walewe na kuelea. Kijijini hapo mwenye kukamatwa na utupa alikuwa anaitwa mbele ya mkutano, na aibu yake ilibaki kwa wanawe. Kwa siku nne, basi, nilikuwa nimepita nyumba za watu wenye heshima zao nikiwauliza kwa adabu kama wao ni wauaji. Walinipa na viti vya kukalia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi si mgeni wa jambo hilo. Nimekulia Maposeni, kwenye mahindi. Viwavijeshi walipoingia, baba alinunua bomba la kubeba mgongoni, na kazi yangu ilikuwa kulisuuza kijitoni akishamaliza kupiga. Mara tatu, alivyoelekeza, kwa sababu baba ni mtu msafi. Nilipenda kuyaona maji yanavyogeuka meupe kama maziwa, yanazunguka kidogo kwenye jiwe, kisha yanaondoka. Baadaye nikaenda chuo. Huko tuliviita viuatilifu. Nilifanya mtihani wa viuatilifu nikafaulu. Sikuwahi hata siku moja kuliunganisha neno lile na maziwa yale.

Nilimpigia baba simu nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, ambako ndiko mtandao ulikokuwa unapatikana.

"Shikamoo baba. Hivi sisi tumewahi kutumia sumu shambani?"

"Marahaba. Sumu? Nani kasema? Ni yule jirani?"

"Hakuna aliyesema. Nauliza tu."

"Nimelima hapa tangu hujazaliwa. Sumu sijaigusa. Dawa, ndiyo."

"Unakumbuka nilikuwa nasuuza bomba mtoni?"

"Nakumbuka. Ulikuwa unachelewa kurudi." Nilisikia kuku wake. "Kwani vipi?"

Asubuhi nilimweleza bosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Huwezi kubadilisha swali katikati ya kazi," alisema. "Majibu ya kijiji hiki hayatalingana na ya vijiji vingine."

"Sasa hivi yanalingana kwa kuwa ya uongo, mzee."

"Si ya uongo. Wamejibu ulichowauliza."

Alisema kweli, na hilo liliniudhi. Hata hivyo alinipa siku mbili. Gari lilikuwa linakuja Jumatatu, na tungeondoka na tulichonacho. Tulichokuwa nacho kilitosha kukiandika kijito kile "hatari ndogo", na najua kinachotokea kwa kijito kinachoandikwa hatari ndogo. Hakuna anayerudi kukitazama.

Nikadhani nimeshinda. Nilimkuta mama mwenyeji wangu akimenya viazi, nikamwambia kwa furaha kwamba nitaliuliza upya swali la saba, safari hii kwa neno dawa. Kisu kilisimama.

"Ukiandika dawa," alisema, "vinyungu vyangu vitabaki?"

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwamba binti wa dada yake ameolewa kwenye mto mwingine, mbali na hapo, na huko walikuja watu na rangi nyekundu, wakaweka alama kwenye miti. Kila aliyelima kati ya alama na maji aliambiwa aondoke, kwa ajili ya kuutunza mto. Matuta ya mama yalianzia hatua chache tu kutoka majini. Yote kumi na moja yangekuwa upande mbaya wa rangi.

"Sijui," nilimjibu.

"Chuo umesoma miaka mingapi?"

"Minne."

"Na hujui."

"Sijui, mama."

Alichukua sufuria akaingia nayo ndani. Wakati wa ugali alinipa kipande kikubwa cha samaki kama kawaida, jambo lililofanya nijisikie vibaya zaidi. Nilikuwa nimejiona mtu wa kutafuta ukweli. Sasa ukweli wenyewe ulikuwa mdomoni mwa mtu ambaye ungeweza kumnyang'anya bustani, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Ningeweza kuziacha fomu zilivyo. Hapana, hapana, hapana. Mama angebaki na matuta yake. Mbasa hawajazi fomu, wasingelalamika.

Jumamosi asubuhi aligonga mlango wangu mwenyewe.

"Vaa mabuti yako. Twende ukaone kwanza, ndipo uandike."

Alinipeleka kivukoni. Kijito hapo kinapanuka, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, na chini ni changarawe tupu, imara, hata ukisimama na mzigo hutetereki. Sehemu nyingine za ukingo ni tope la kumeza goti. Ndiyo maana akina mama wote walijazia mabomba yao hapo, wakachanganyia dawa hapo, na wakishapiga wakarudi kuyasuuza hapohapo. Shemeji yake, yule mvuvi, alikuwa ametangulia, anatazama mitego yake.

"Mkamata Samoni kafika," alisema. "Hapa pia ndipo mbasa wanapojigaragaza wakati wa mvua. Kwingine hawataki. Tope."

Kwa hiyo samaki na wanawake walikuwa wamepachagua mahali pale kwa sababu moja. Nilitaka kulisema hilo, lakini mama aliniwahi.

"Na hawakutani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha anaitunga hoja. "Mbasa akiwa hapa, sisi tuko mlimani na mahindi. Sisi tukishuka na mabomba, yeye keshaenda zake ziwani. Mwenzio hayupo nyumbani, utamdhuru vipi?"

Nakiri ilikuwa hoja nzuri kuliko zote nilizozisikia tangu kazi ianze. Nilisimama naitafuta kasoro yake, na niliiona chini, pembeni, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mawe: visamaki vyembamba, vya rangi ya fedha, vimeelekeza vichwa juu ya mto vyote kwa pamoja.

"Na hawa?"

"Hao vidagaa," mama alisema.

"Vidagaa vya wapi?" mvuvi alidakia. "Hao watoto wa mbasa. Wanakaa hapa mpaka wapate nguvu ya kushuka."

Mama alimgeukia polepole.

"Shemeji, miaka yote hii hujaniambia?"

"Hukuniuliza, shemeji. Na hawa wageni wanauliza habari za Samoni tu."

Bosi alikuwa amenifundisha jambo moja ambalo sijawahi kulitilia shaka. Chupa ya maji uliyochota leo inakueleza habari za leo. Wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe hukaa hapo miezi, kwa hiyo wanakueleza yaliyopita wakati wewe hupo. Tulianza juu ya kivuko. Kila jiwe tulilogeuza lilikuwa na wakazi: wenye mikia mitatu, wenye nyumba za mchanga, wanaokimbia kwa ubavu. Tukashuka chini ya kivuko. Jiwe la kwanza, utelezi. La pili, utelezi na konokono. Tuligeuza mengi, mpaka vidole vikafa ganzi, tukapata wadudu wa kuhesabu kwa mkono mmoja.

Mama alirudi juu ya kivuko bila kuniambia, akainua jiwe jingine, akalishika karibu na uso.

"Hawa ndio ninaowapiga dawa?"

"Ndugu zao."

"Na watoto wa mbasa wanakula nini?"

"Hawahawa."

Alilitazama jiwe kwa muda, kisha akainama na kulirudisha kwenye shimo lake, upande uleule uliokuwa chini ukakaa chini.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilifikiri juu ya miguu. Watu wengi huvuka pale, na kukanyagakanyaga tu kunaweza kufukuza wadudu. Kulikuwa na kivuko kingine juu zaidi, kwenye njia ya kwenda shuleni, ambako watu huvuka lakini hakuna vinyungu wala mabomba. Nikasema twende. Mama alinung'unika njia nzima.

"Umeona kwa macho yako. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kama si miguu."

"Miguu! Tumboni kwa mama yako ulikuwa unauliza vilevile?"

Yeye ndiye aliyegeuza jiwe la kwanza kule, na yeye ndiye aliyepiga kelele. Wadudu walikuwepo, chini ya njia kama juu yake, pamoja na miguu yote ya wanafunzi. Alisimama katikati ya maji, kanga imeloa mpaka magotini, na nikaona anaifikia hoja kabla yangu.

"Kwa hiyo si matuta," alisema. "Ni bomba."

"Inaonekana hivyo."

"Inaonekana, au ndivyo?"

"Inaonekana, mama. Ni siku moja, na mawe machache. Na mvua ikinyesha, matuta yaliyo karibu sana na maji nayo yatashusha dawa."

"Una roho ngumu wewe," alisema, lakini alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu vile viazi.

Jumapili, baada ya ibada ya kigango, aliwaomba watu wasiondoke. Walisimama uwanjani, makoti yamefungwa hadi shingoni, watoto wakifukuzana kati yao. Bosi alisimama pembeni akiwa ameshika fomu mpya alizokuwa amekubali nizinakili kwa mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama alisema.

"Milele amina."

"Huyu binti ana swali. Msimjibu haraka kama mara ya kwanza."

Nililisoma. "Nani hapa hujaza au husuuza bomba la dawa mtoni, na ni sehemu gani?"

Watu waliangalia viatu vyao. Walikuwa wameshasikia habari za rangi nyekundu, hilo lilionekana. Nilisubiri, kisha nikaona kwamba nawaomba kitu ambacho mimi mwenyewe sijakitoa. Nikachukua fomu tupu na kuijaza mbele yao, kwa sauti. Mahali: Maposeni, kijitoni nyuma ya shamba letu. Nani: mimi. Mara ngapi: kila baba alipopiga dawa, na kila mara nilisuuza mara tatu.

Halafu mtu nyuma akacheka.

"Kumbe Samoni mwenyewe ndiye huyu!" mvuvi alipaza sauti.

Uwanja mzima ulilipuka. Hata ambao hawakuijua habari ya Samoni walicheka kwa sababu wenzao wanacheka. Mama alingoja watulie, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Niandike na mimi. Pale kivukoni. Kila Jumatano, na wadudu wakizidi, na Jumamosi." Kisha akawageukia wanakikundi wake akataja matuta yake, na alichokiona chini ya mawe, na kwamba anachoogopa ni kilekile wanachoogopa wao. Walianza kuja, mmoja, halafu wawili kwa pamoja. Mwisho fomu zikaisha tukaandika nyuma yake. Bosi aliomba kalamu. Nilidhani anataka kunisaidia kuandika. Kumbe ana mahindi nje kidogo ya mji, na kuna mfereji.

Ripoti tuliiandika Songea kwa wiki mbili, tukibishana. Yeye alitaka "viuatilifu", mimi nilitaka "dawa" popote mkulima atakaposoma. Tuliweka yote mawili. Tuliandika kwamba hatari ni kubwa, na mara hiyohiyo tukaandika iko wapi: kivukoni, mahali pamoja, miezi ya kiangazi, watoto wa mbasa wakiwa bado hawajashuka. Tulipendekeza pipa juu ya ukingo, mbali na maji, likijazwa kwa ndoo, na mabomba yajazwe na kusuuzwa hapo, na maji ya kusuuzia yarudi kupigwa kwenye kabichi zilezile. Tukapendekeza pia matete yaachwe yaote kati ya matuta na maji. Hatukuandika popote kwamba watu waondoke. Sikujua kama wangesikiliza.

Nilirudi Aprili, kwa nauli yangu, mvua ikiwa bado inanyesha mchana kutwa. Mama alinipokea kwa malalamiko.

"Umeninyang'anya tuta," alisema, akanivuta mkono kwenda kuona. Palipokuwa na tuta la kumi na moja sasa palikuwa pameota matete, yamenizidi urefu. "Lile lililokuwa linawahi. Ungechukua hata la juu, lenye kiburi."

"Na haya kumi?"

"Haya yapo." Aliyatazama, matupu bado, yakingoja kiangazi. Watu wa wilaya walikuwa wamefika, alinieleza. Hawakubeba rangi. Waliliona pipa, wakayaona matete, wakapiga picha, wakasema watarudi. Kurudi kufanya nini, hawakusema. Pipa lilikuwa limesimama kwenye mawe matatu, kata ya kuchotea ikining'inia kwa kamba. Si wote wanaolitumia. Jirani yake mmoja bado anashuka kivukoni akidai mgongo wake hauwezi kupanda ukingo, na mama hamsalimii Jumatano.

Tulikwenda kivukoni na mvuvi. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito, yanakokota matawi. Tulisimama muda mrefu bila kuona kitu, mpaka mvuvi aliponigusa bega. Kwenye kina kifupi, palepale kwenye changarawe, mgongo ulipasua maji. Halafu mwingine. Walikuwa wanajirusha kwa ubavu, wanapiga mikia, na kwa kila pigo fedha ilimulika ndani ya tope ikapotea.

Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa na mashaka, lakini hayakuchelewa kurudi.

"Hawa hawasemi lolote kuhusu pipa," nilisema. "Mbasa wakubwa kiasi hiki walizaliwa miaka kadhaa iliyopita. Wale wadogo tuliowaona ndio watakaotupa jibu, wakirudi. Na kuna nyavu huko ziwani, huwezi kujua."

"Usipoona samaki unauliza, ukiona samaki unauliza," mama alisema. "Haya. Wale wadogo watarudi lini?"

"Miaka mitatu. Labda minne."

"Basi matuta yapo, na mimi nipo. Utakuja."

Hakuniuliza, alisema tu. Sikuwa na kazi ya kudumu, na bosi alikuwa amepelekwa kwenye mto mwingine, lakini nilijikuta nahesabu umri wangu mbele kwa miaka minne na kuona kwamba inawezekana.

Kabla ya kuondoka nilitaka kusafisha mabuti. Nilichuchumaa pembeni ya maji, chini kidogo ya kivuko, nikatoa kipande cha sabuni mfukoni na kuanza kusugua tope. Povu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

"Wewe binti wa Maposeni!" sauti ya mama ilitoka nyuma ya matete. "Hiyo sabuni umeiuliza kama ni dawa au sumu?"

Nikasimama, buti moja mguuni, jingine mkononi linachuruzika, nikaupanda ukingo kuelekea kwenye pipa.